Maji na Umeme Ndani ya Kodi: Jibu Nililolipata Ipagala

Mwezi uliopita nilirudisha funguo. Dada aliyechukua nafasi yangu alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani anayelia, akaniuliza kama kuna maelekezo. Nikamwambia yapo, ila si ya kupeana mlangoni huku mwenye nyumba anasubiri chai. Haya ndiyo maelekezo yenyewe. Ni yake yeye na ya wenzake wote wanaosimamia nyumba za kupanga hapa Dodoma, wale ambao simu zao hazijawahi kuita kwa habari njema.

Sitaeleza nilianza na mshahara gani wala niliishia na upi, maana wengine mtakata tamaa mapema. Nataka kujibu swali nililoulizwa kuliko yote katika kazi hii. Wenye nyumba waliniuliza, wapangaji waliniuliza, hata kanisani mtu akinipa mkono wa amani aliweza kuushikilia ili aniulize: Mama Perisi, maji na umeme viwe ndani ya kodi au nje? Jibu ninalo, na ninajivunia. Lakini nililipata kwa kuzunguka sana, kwa hiyo na nyinyi mtazunguka kidogo pamoja nami.

Nilikuja mjini kutoka Mvumi nikiwa msichana, nikiwa na cheti cha darasa la saba na barua ya mchungaji inayosema mimi si mwizi. Barua ile ndiyo iliyonipa kazi. Bi Mwanahawa, aliyekuwa na nyumba ya kupangisha karibu na soko, aliisoma mara mbili kisha akasema, "Basi ataanza na ufagio." Babu yake aliingia Dodoma na misafara ya biashara ya zamani, miguu ikamuuma, akaoa hapahapa, akajenga. Familia yao imekuwa ikijenga na kupangisha tangu hapo. Sote tulimwita Bibi hata kabla hajawa na mvi, kwa sababu alikuwa na namna ya kukaa kwenye mkeka inayokulazimisha kumwamkia.

Funguo wakati ule alikuwa nazo Mzee Sefu, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza hakunionyesha chumba hata kimoja. Alinikalisha kwenye kigoda karibu na bomba la uani, akaniambia nifumbe macho nimwambie ninasikia nini. Nikasema sisikii kitu. Akasema, "Kaa mpaka usikie." Nilikaa hadi nikasikia maji yakipita chini ya ardhi, taratibu, ilhali bomba limefungwa na hakuna anayechota. Kulikuwa na bomba limepasuka chini ya sakafu ya choo. Yeye alijua tangu asubuhi, alitaka tu kuona kama nina masikio.

Alinifundisha pia kupiga hodi. Hodi ya kwanza, alisema, ni ya mtu kuvaa, ya pili ni ya mtu kuficha anachotaka kuficha, na ya tatu ndiyo ya msimamizi kuingia. Ukiruka ya pili utaona mambo ambayo hayakuhusu na utayabeba mpaka uzeeni. Mimi niliiruka mara moja tu. Mpangaji yule hadi leo tukikutana sokoni anavuka barabara.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: spana ya bomba, bisibisi ya kupimia umeme, tochi, na bunda la funguo. Kila ufunguo niliufunga kipande cha kitenge chenye ua lake, ili nikishika tu nijue ni chumba kipi. Mzee Sefu alivicheka vitenge vyangu mwaka mzima. Kisha siku moja nikakuta na yeye amefunga funguo za stoo kwa kipande cha kanzu yake ya zamani, akajifanya hajui nani kafunga.

Miaka ile swali la maji na umeme halikuwepo. Kodi ilikuwa kodi. Chumba kilikuwa na taa moja inayoning'inia katikati, redio ya betri, na pasi ya mkaa. Mzee Sefu alizima swichi kuu ya nyumba nzima mara tu taarifa ya habari ilipokwisha, na wapangaji wakamtakia usiku mwema. Jaribuni leo muone.

Mambo yalianza kuharibika kidogo kidogo, kama paa linavyoanza kuvuja. Mpangaji mmoja akafuga vifaranga chini ya kitanda, na kwa kuwa umeme ulikuwa ndani ya kodi, akawawashia taa kubwa usiku na mchana wapate joto. Mwingine akagundua kwamba maji nayo yako ndani ya kodi, akaanza kuosha pikipiki za watu uani kwa malipo, na povu likawa linatoka hadi barabarani. Nilipomwambia aache, aliniuliza kwa heshima zote ni kipengele gani cha mkataba kinachosema pikipiki haziogi. Kipengele hicho hakikuwepo. Bibi akakasirika, akatoa kila kitu nje ya kodi kwa siku moja: maji mtachangia, umeme mtachangia.

Hapo tukaingia kwenye balaa la pili. Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa vyumba vyote, kwa hiyo wakapeana zamu ya kununua umeme. Sijawahi kuona watu wanaopatwa na misiba ya mikoani kama watu ambao zamu yao ya luku imekaribia. Na ile taa ya njia ya kwenda chooni, ambayo haikuwa ya chumba cha mtu, ilipoungua hakuna aliyeinunulia balbu. Wiki nzima walipishana gizani kwa kugusana mabega, mpaka mwalimu mmoja akaingia mguu mzima kwenye mtaro wa maji ya kuogea. Balbu nilinunua mimi. Mwalimu alihama.

Mzee Sefu hakuona mengi ya hayo. Miguu ilimchoka, akanikabidhi bunda la funguo mbele ya Bibi. Wosia wake ulikuwa mmoja, na ulihusu umeme. Aliniambia kitu kikizimika nisikimbilie kukitengeneza, kwanza nitembee nione ni kipi kingine kimezimika pamoja nacho. Nilidhani ananifundisha ufundi wa kawaida. Miaka mingi baadaye wosia ule ndio ulionivika taji, na yeye hakuwepo kuona. Ningetoa mengi aone.

Sasa niwapeleke Ipagala, pembeni mwa mji. Zamani kule palikuwa na miiba na mbuzi. Bibi alikuwa na kiwanja ambacho marehemu mume wake alikinunua watu wakimcheka. Serikali ilipohamia Dodoma, waliomcheka wakaja kuomba chumba. Tulijenga uwanja wa vyumba vinane vinavyotazamana, na pembeni, ukuta kwa ukuta, Bibi akajijengea nyumba yake mwenyewe na kuhamia. Kwenye pembe ambapo kuta mbili zinakutana alichimba kisima, akaweka pampu na tangi la kuinua maji juu. Kutoka kwenye tangi lile alitoa bomba moja hadi nje ya ukuta, upande wa barabara, kwa ajili ya mpita njia yeyote. Lilikuwa bomba la sadaka. Juu yake ukutani paliandikwa kwa rangi ya kijani, *Maji ya sadaka, kwa ajili ya Marehemu Mzee Twalibu. Kunywa, umwombee.*

Mnaoijua Dodoma mnajua maana ya bomba kama hilo. Maji ya mgao yakikatika, mtaa mzima unabeba madumu. Watu wa bodaboda walikunywa pale, mafundi ujenzi walijaza mapipa pale, mikokoteni ya punda ilisimama pale. Bibi alikaa dirishani akisikiliza watu wakimwombea mume wake, na nadhani hiyo ndiyo furaha iliyombakia ya kila siku. Mimi mwenyewe nilijivunia lile bomba kana kwamba nililichimba.

Katika vyumba vile vinane nitawatajia wapangaji wawili tu. Wa kwanza ni Bwana Kulwa, mtumishi wa ofisi fulani, aliyehamishwa kutoka Dar na friji, jiko la umeme, na huzuni. Mtu mwema, lakini aliamini kwamba kila tatizo lina mhusika. Wa pili ni Mama Happy. Alitoka Kibakwe, milimani, akaolewa mjini, mume akafariki, akabaki na watoto wanne na mikono miwili. Alifua nguo na mashuka ya watu kwa siku. Alikuwa na tabia ya kulalamikia maji yetu ya chumvi kila anapokunja shuka: "Huku unasugua mpaka unatubu ndipo sabuni itoe povu. Kwetu Kibakwe maji yanakufuata yenyewe."

Luku ya uwanja ule ilikuwa moja, na ilianza kuisha haraka. Walinunua, ikaisha. Wakaongeza mchango, ikaisha mapema zaidi. Kila mtu alimtazama mwenzake. Na kwa sababu Mama Happy ndiye pekee aliyeshinda nyumbani mchana, macho yote yakamwangukia. Alikuwa na pasi ya umeme, kweli, ila aliitumia kwa oda za harusi tu. Hilo halikumsaidia. Mkutano ukakaliwa kwenye kibaraza, Bwana Kulwa akiongoza, wakaniambia nipeleke ujumbe kwa Bibi: ama Mama Happy aondoke, ama wao watahama wote.

Nilipeleka. Bibi alikuwa kwenye mkeka akibambua karanga, na mwanawe Idrisa amekaa kwenye kiti na simu mbili. Idrisa alikuwa na wazo lake tayari. "Mama, tuingize maji na umeme ndani ya kodi, tupandishe kodi, kelele ziishe." Nikamwambia kodi ikipanda hivyo, Mama Happy hataweza. Akasema hiyo ni njia ya upole ya kumtoa bila kumfukuza. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga viti.

"Perisi mwanangu," Bibi aliniambia, "wewe ndiye unayekaa nao. Ijumaa baada ya swala nataka jibu moja. Viwe ndani au viwe nje. Na huyo mama abaki au aende." Kisha akarudi kwenye karanga zake.

Nilitoka pale nimefadhaika. Nikiviingiza ndani, mjane anaondoka kwa bei. Nikiviacha nje, mjane anaondoka kwa lawama. Nilijaribu kila hesabu kichwani: kwa vyumba, kwa vichwa, kwa vifaa. Kila hesabu ilimkuta Mama Happy mlangoni na mizigo. Na watoto wale walikuwa wamezoea shule ya pale, yule mdogo alikuwa ameanza kuandika jina lake kwenye kila ukuta niliopaka.

Jumamosi luku iliisha tena. Bwana Kulwa akagoma kuchangia, wengine wakamfuata, uwanja ukalala gizani. Jumapili asubuhi, wengi wakiwa wamekwenda kanisani na wengine sokoni, nilimkuta Mama Happy amekaa juu ya dumu tupu.

"Shikamoo Mama Perisi. Leo hata kufua siwezi. Mgao haujafika, na bomba la Bibi nalo limekauka."

"Marahaba. La Bibi limekauka? Limekauka lini?"

"Si kila siku sisi tukikosa umeme linakauka? Mimi nilidhani unajua."

Nilisimama pale na bunda langu la funguo mkononi, na niliona kama Mzee Sefu amenigusa bega. Nyumba ya Bibi ilikuwa na luku yake. Feni yake ilikuwa inazunguka, niliisikia kupitia ukutani. Sasa kwa nini bomba lake lizimike na luku yetu?

Nikanunua umeme kidogo kwa simu yangu, nikaingiza zile namba kwenye luku, kisha nikashusha swichi kuu ya vyumba vyote. Kwenye luku kuna ile taa ndogo nyekundu inayopepesa: umeme ukiliwa sana inapepesa haraka, usipoliwa inatulia. Vyumba vyote vilikuwa vimekatwa, hakuna hata balbu inayopata kitu. Taa nyekundu ilipepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi. Kutoka pembe ya kisima nikasikia mngurumo.

Tukasubiri tangi lijae. Mngurumo ukanyamaza, taa ikatulia. Nikamwambia Mama Happy, "Nenda nje, fungulia bomba la sadaka lote, usilifunge mpaka nikuite." Akaenda. Tangi lilipopungua, pampu ikajiwasha yenyewe, na taa nyekundu ikaanza tena. Nikafuata waya kwa macho. Fundi aliyefunga pampu alikuwa ameona boksi letu la luku liko karibu kuliko la Bibi, akachukua umeme hapo, kati ya luku na swichi kuu, akafunika kwa plasta nadhifu kabisa. Tangu siku ya kwanza, kila kikombe cha maji kilichonywewa pale barabarani kwa ajili ya roho ya Mzee Twalibu kilikuwa kimepandishwa juu na umeme wa wapangaji. Watu walipokuwa wachache hakuna aliyeona. Mtaa ulipojaa, sadaka ikatumaliza.

Mama Happy alirudi ameloa miguu. Nilimwonyesha waya, sikuhitaji kueleza sana. Alikaa tena juu ya dumu lake.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Atakufukuza na wewe."

"Huenda."

Alifikiri kidogo. "Basi tutatafuta vyumba pamoja. Lakini mimi sikai na mtu anayeamka mapema kufagia."

Nilicheka. Mnaonisoma mtadhani ilikuwa rahisi kwa kuwa ukweli ulikuwa upande wangu. Jaribuni kumwambia mjane mzee kwamba sadaka ya mume wake, jambo pekee analolisikiliza kila siku dirishani, imekuwa ikilipwa na watu wengine bila kuulizwa. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo, lakini niliogopa zaidi uso wake.

Sikungoja Ijumaa. Niliingia jioni ileile. Idrisa alikuwepo. Nilipiga hodi zangu tatu, nikaamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote kwa mpangilio: luku, swichi, pampu, waya. Bibi alibambua karanga hadi nilipofika kwenye bomba, kisha mikono yake ikatulia.

"Na la marehemu?"

"Ndilo hilo, Bibi. Hilo hasa."

"Tangu lini?"

"Tangu lilipofunguliwa."

Idrisa alikuwa mwepesi, sikatai. "Mama, hili dogo. Kesho naleta fundi, anahamisha waya, yamekwisha. Huyo mama abaki, hakuna haja ya mtu kujua."

Bibi alimgeukia polepole. "Na kwa Mwenyezi Mungu nako utampeleka fundi akahamishe waya?"

Idrisa akatazama simu zake, zote mbili. Bibi aligeuza uso. Nilidhani anatafuta neno la kunitoa kazini. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Nilikuwa nataka kumfukuza mwanamke aliyemnywesha Twalibu wangu maji." Akaanza kulia, na mimi nikalia naye, na karanga zikamwagika mkekani kote. Idrisa ndiye aliyeziokota.

Ijumaa baada ya swala Bibi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tufungue vyumba vile. Aliingia uani kwa wapangaji kwa miguu yake, akiwa na buibui yake nzuri na mkongojo. Watu walitoa viti vyote walivyokuwa navyo. Alikataa kukaa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Umeme wenu nilikuwa ninaula mimi." Akaeleza mwenyewe, yote, bila kumtupia fundi lawama. Aliposema kwamba sadaka haiwezi kutoka kwenye mfuko wa mtu asiyejua, aliushika mkongojo kwa mikono miwili. Akasema waya umeshahamishwa, na kwamba kila mtu aseme anachodai, atarudishiwa.

Bwana Kulwa ndiye aliyesimama kwanza, na kwa hili nitamheshimu daima. Hakumtazama Bibi. Alimtazama Mama Happy.

"Mama Happy, mimi ndiye niliyesema ni wewe."

"Nilikusikia," alisema Mama Happy. "Ukuta ni mwembamba."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mashuka yako nitaendelea kuyafua kwa bei ya Dar."

Watu wakacheka, na kucheka kule kulifungua vifua vya wote. Kisha Mama Happy akamgeukia Bibi, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa mkubwa. "Bibi, radhi tumetoa. Ya nyuma usiturudishie. Yale maji watu wameshakunywa, huwezi kuwatapisha. Ila kama kuna thawabu kule, nasi tuandikwe."

Bibi alimshika mkono akamwinua. "Mtaandikwa," alisema.

Na mimi nikatoa jibu langu hapohapo, mbele ya wote, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa ndiyo siku yangu. Nilisema maji yaingie ndani ya kodi, na taa ya njia, na taa ya choo, kodi ibaki palepale ilipo. Hivyo ni vitu vya nyumba. Mtu hachagui kuwa na kiu wala kwenda chooni, na nyumba isiyo na maji na njia inayoonekana ni kuta tu. Umeme wa chumbani utoke nje ya kodi, na kila mlango uwe na sabmita yake, mita ndogo ya chumba kimoja, kwa sababu mle ndani kila mtu ana kidole chake na swichi yake. Anayetaka kufuga vifaranga chini ya kitanda aote joto nao, lakini kwa mita yake. Nguo za biashara zifuliwe kwa maji ya kisima, ya chumvi hivyohivyo, na badala ya kuyalipia Mama Happy alitunze bomba la sadaka, alifunge likiachwa wazi na kuosha sakafu yake.

Idrisa aliuliza kama mwenye nyumba hatapata hasara. Bibi akajibu kabla yangu. "Wapangaji hawa walilisha bomba langu miaka yote na hawakuhama. Mimi nitashindwa kulisha lao?"

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hadi leo. Chumba kikiachwa wazi pale Ipagala hakikai wazi, watu wanaandikishana kabla mwenzao hajafunga mizigo. Wenye nyumba wa mitaa ya jirani walikuja kuniuliza mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanapita tu. Wengi wamefuata, na nikipita jioni nikaona taa za njia zinawaka kwenye nyua ambazo zamani watu walipapasana, najisikia kama niliziwasha zote kwa mkono wangu. Niacheni nijisifu. Nimestaafu, ni ruhusa.

Kwa nyinyi mnaoshika funguo sasa, mkiulizwa lile swali, msikimbilie ndani wala nje. Zimeni swichi za wapangaji wote kwanza, halafu mtazame luku. Ikiendelea kupepesa, pigeni hodi kwa mwenye nyumba. Pigeni zote tatu.

Siku niliyorudisha funguo nilitoka kwa mlango wa barabarani, mikono mitupu kwa mara ya kwanza, nikasikia kiu. Miaka yote ile sikuwahi kunywa pale, nilikuwa nikipita na bunda langu kwa haraka. Nikainama nikanywa. Maji yalikuwa ya chumvi, ya baridi, mazuri. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri zamu alikuwa anasoma yale maandishi ya kijani ukutani, ambayo yameongezewa mstari mmoja chini yake kwa rangi mpya: *Na kwa ajili ya wapangaji wake.*

"Mama," aliniuliza, "huyu marehemu namwombea sawa. Na hao wapangaji nao wamekufa?"

Upande wa pili wa ukuta Mama Happy alikuwa anakung'uta shuka, akiwalaumu watu wa Dodoma kwa chumvi yao.

"Hapana," nikamwambia. "Wako hai. Waombee hivyohivyo."